Sura ya Saba: CD Iliyokwaruzwa Tumboni

Karandinga la kupeleka mahabusu Vwawa lilinguruma mbele ya kituo cha polisi cha Tunduma tangu alfajiri, kwa sababu dereva wake alikuwa ameapa kwamba likizimwa halitawaka tena mpaka Pasaka. Moshi wake ulikuwa mzito kiasi kwamba kuku weupe wa nyumba za askari walikuwa wamekwisha kuwa weusi, na akina mama wawili waliokuwa wakivuka mpaka kwenda Nakonde walisimama kutoa pole wakidhani kuna msiba.

Mtu wa kupanda karandinga hilo siku hiyo alikuwa mmoja tu: Ferista, mchoma CD wa kibanda cha bluu karibu na geti la mpaka. Akishafika Vwawa akasomewa shitaka, dhamana hana, na kibanda chake kingegawanywa kabla jua halijazama. Tayari kijana mmoja wa kuuza vocha alikuwa ameshaanza kupima mlango wake kwa kamba.

Ndani ya kituo, Sajenti Tabita Simbeye alikuwa ameinamia CD moja mezani kama mtu anayesoma kiganja cha mkono. Inspekta Masumbuko, mkuu wa kituo, alijaa mlangoni.

"Sajenti, huyo mama hajapanda gari mpaka sasa. Likiisha mafuta tutambeba mgongoni?"

"Nipe mpaka saa sita, Mzee."

"Ya nini? Kesi hii imejifunga yenyewe. Kwaya ya Mapambazuko ya Mpemba wamerekodi nyimbo zao studio huko Mbeya. CD mama wamempa Ferista awachomee nakala za uzinduzi. Wiki haijaisha, nyimbo zinauzwa kuanzia Nakonde mpaka Nanyala, na uzinduzi wenyewe haujafika. Tumepekua kibanda, CD mama tumeikuta kwenye debe la taka, imekwaruzwa kwa msumari. Kauza, kaharibu ushahidi, kakamatwa. Mimi nimechunga ng'ombe mpaka nikaota ndevu, lakini hii naiona."

"Hapo kwenye msumari ndipo panaponisumbua," Tabita alisema. "Aliyeiharibu hakujua kuiharibu."

Akaigeuza ile CD. Upande wa chini, ule unaong'aa, ulikuwa umechorwa mistari kama uwanja uliochakurwa na kuku ishirini wenye njaa. Upande wa juu, wenye maandishi ya jina la kwaya, haukuwa na hata alama ya ukucha.

Masumbuko aliutazama, akatazama saa yake, akaguna. "Saa sita. Ikifika na dakika moja, anapanda."

Tabita hakuwa mtaalamu wa muziki. Alichojua kuhusu CD alikipata Msangano, kwenye shamba la mpunga la shangazi yake, ambako CD mbovu hufungwa kwenye kamba zikimeremeta ili kuwatisha kwelea kwelea. Shangazi alisimulia kwamba ndege walizoea, mwishowe wakawa wanajitazama humo na kuchana manyoya. Lakini Tabita alikuwa ameona kitu kingine. Baada ya masika, zile CD zilichunika mgongoni, upande wa maandishi, ngozi ikatoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na kilichobaki kilikuwa plastiki tupu ya kuonea upande wa pili. Tumboni zilikuwa na mikwaruzo ya upepo na fito, na bado ziling'aa.

Alichukua funguo akaenda mahabusu.

Ferista alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kanga imefungwa kiunoni, kama anayesubiri ugomvi uanze.

"Kama umekuja kunitoa, shikamoo," alisema. "Kama umekuja kuniuliza tena, habari za asubuhi."

"Habari za asubuhi," Tabita alisema. "CD ikikuharibikia wakati wa kuchoma, unaifanyaje?"

"Naichuna."

"Unaichunaje?"

"Nabandika selotepu mgongoni, kwenye maandishi, navuta. Ngozi yote inakuja. Ukiitupa nzima, vijana wanaiokota wanamuuzia mtu, kesho mtu huyo anakuja kunitukania mama yangu kibandani."

"Na tumboni?"

"Tumboni kuna nini? Plastiki tu ile. Muziki umelala chini ya ngozi ya mgongo. Watu wanashika CD kama yai, wanalinda tumbo, halafu wanailaza kifudifudi mgongo juu wanaweka bilauri ya chai. Mimi nimeshachoka kuwaambia."

"Nani aliishika CD mama baada ya kukabidhiwa kwako?"

"Hakuna. Mimi peke yangu." Ferista akajikuna shingo. "Labda mwenyekiti wao, Clement. Alhamisi alikuja, akakaa kwenye stuli yangu, akanituma soda. Niliporudi ameshaondoka, na soda nikainywa mwenyewe. Ijumaa asubuhi CD mama siioni. Nikasema basi, mwenye mali kachukua mali yake."

"Mbona hukusema siku ile ya upekuzi?"

"Nilisema. Askari wako alikuwa anabeba kompyuta yangu kwa waya, kama anabeba mbuzi kwa mkia. Hakusikia."

Tabita alirudi ofisini na kuagiza watu watatu waitwe. Wawili walikuwa nje tayari, wamekuja kuhakikisha mtuhumiwa anaondoka: mwenyekiti wa kwaya, Clement Sichone, mnunuzi wa mahindi, mwenye suti ya kijivu na sauti ya kusomea matangazo ya ndoa, na Boazi, mwalimu wa kwaya, mwembamba, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala. Wa tatu alikuwa Sadock, machinga aliyekamatwa stendi na katoni ya CD za wizi. Huyo alikuwa shahidi wa serikali sasa, na alikuwa akila muhogo wa serikali kwenye benchi la ukumbini.

Alianza na Sadock.

"Katoni ulipewa na nani?"

"Nimeshaandika, Afande. Mama wa kibanda cha bluu."

"Anaitwaje?"

"Mama... mama wa kibanda."

"Kibandani kwake ukiingia, kompyuta iko mkono gani?"

Sadock alitafuna muhogo taratibu mno kwa muhogo mdogo kama ule. "Mulamu, mimi nikifanya biashara siangalii kuta."

"Mimi siyo shemeji yako. Kaa hapo hapo."

Ofisini, Clement, aliyeingia pamoja na Boazi, hakusubiri kuulizwa. Alisimama kabisa, akafunga kifungo cha koti.

"Afande, naomba nisaidie upelelezi. Nimezisikia zile CD za mtaani kwenye gari la mtu. Sauti ni safi, kama tuko studio. Sasa sote tumekua na kanda hapa. Ukinakili kanda, mtoto anakuwa dhaifu. Ukimnakili mtoto, mjukuu anaimba kama yuko ndani ya pipa. Hizi hazina pipa. Maana yake zimetoka moja kwa moja kwa mama. Na mama alikuwa kwa nani?"

Masumbuko alimtazama Tabita kwa jicho la kusema umesikia.

"Naomba kielelezo namba moja kiwashwe," Tabita alisema.

Kielelezo namba moja kilikuwa kompyuta ya Ferista. Askari aliyeibeba kwa waya aliiunganisha tena, ikaamka kwa mlio wa trekta. Tabita akachukua CD moja ya mtaani, akatumia CD tupu zilizokamatwa pamoja na mashine. Akachoma mtoto. Akamchoma mjukuu kutoka kwa mtoto. Kutoka kwa mjukuu akamchoma kitukuu. Kazi hiyo ilikula muda, na nje dereva wa karandinga alikuwa akikanyaga mafuta kwa hasira, mpaka vioo vya dirisha vikawa vinapiga meno.

"Mzee, geuka ukutani," alimwambia Masumbuko. "Nitapiga zote nne kwa kuzichanganya. Utachagua ile ya kwanza kabisa."

Inspekta alisikiliza wimbo wa kwanza mara nne, mikono nyuma, kichwa kimeinama kama anakagua gwaride. "Ya tatu," alisema. "Hiyo ndiyo bibi yao. Imenona."

Tabita akamwonyesha alama ya kalamu aliyoiweka. Ya tatu ilikuwa kitukuu.

"CD si kanda," alisema. "Haichakai kwa kunakiliwa. Kilichomo ni hesabu, na hesabu ukiinakili sawasawa inabaki ileile. Kwa hiyo usafi wa sauti hautuambii imetoka kwa nani. Inaweza kuwa imetoka kwa mama, kwa shangazi, au kwa mpita njia."

Clement alikaa. "Vyema. Lakini mama mwenyewe ameuawa. Hamna cha kulinganisha."

"Tutamwamsha. Nani ana dawa ya meno?"

Ilipatikana kwenye droo ya mkuu wa kituo, na haikuulizwa ilikuwa ikifanya nini humo. Tabita aliilaza CD mama juu ya kanga laini, akapaka dawa kidogo tumboni, akaanza kusugua kutoka kwenye tundu la katikati kwenda ukingoni, kwa mistari iliyonyooka.

"Zungusha kama sahani," alishauri Masumbuko.

"Ukizungusha unaongeza mikwaruzo inayofuata njia ya muziki, na mashine inapotea humo humo. Ukiikata njia hiyo kama spoku za baiskeli, mashine inairuka vizuri."

"Nani kakufundisha?"

"Deki ya shangazi. Iliharibu harusi mbili."

Clement alitazama kazi ile akitabasamu, tabasamu la mtu anayemtazama mtoto akipanda mbegu ya mawe. CD ikasuuzwa, ikapanguswa, ikaingizwa. Mashine ikakohoa. Ikakohoa tena. Halafu Kwaya ya Mapambazuko ya Mpemba ikaingia ofisini na sauti zake zote nne, besi ikitikisa kikombe cha kalamu.

Tabasamu la mwenyekiti lilikaa palepale, ila halikuwa na mwenyewe tena.

"Mwalimu Boazi," Tabita alisema, "CD za mtaani umezisikiliza?"

"Zaidi ya wimbo ule wa kwanza sasa hivi, hapana, Afande. Mchungaji alikataza wanakwaya wote wasiziguse. Mali ya wizi."

"Leo unaigusa kwa amri ya serikali. Wimbo wa tatu, ule ulionishangaza kwenye ya mtaani. Kwanza kwa mama."

Wimbo ukapigwa, sauti ya Conjesta, mwimbaji wao wa mbele, ikipanda peke yake katika ubeti wa pili, kimya nyuma yake kikiwa safi kama shuka. Boazi alikuwa akiongoza kwa kidole kimoja gotini bila kujua.

Tabita akaweka ya mtaani. Wimbo uleule, Conjesta yuleyule, ubeti wa pili. Na pale Conjesta alipovuta pumzi, nyuma yake, mbali lakini bila aibu, akawika jogoo.

Kidole cha Boazi kilisimama hewani.

"Huyo tulimtoa," alisema.

"Nani?"

"Jogoo. Jirani wa studio alikuwa naye. Huyo ndege alikuwa akiwika saa nane mchana, nadhani alikuwa na saa ya nchi nyingine. Tuliposikia CD ya kwanza ya majaribio nikasema hapana, turudi Mbeya, ubeti ule urudiwe. Tukaurudia. CD mama tuliyompa mama Ferista haina jogoo. Haijawahi kuwa na jogoo."

Inspekta Masumbuko alivuta kiti akakaa kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Basi Ferista asingeweza kumuuza jogoo ambaye hakuwa naye," Tabita alisema. "Na aliyemkwaruza mama alikuwa na sababu moja: asije mtu akawaweka wawili hawa pamoja kama nilivyofanya. CD za majaribio zilitoka ngapi, Mwalimu?"

"Moja. Fundi alisema hatoi ya pili mpaka tumalize. Mimi sikukaa nayo. Ilikaa kwa mwenyekiti, kamati isikilize."

Kila mtu akamgeukia Clement. Alikuwa mtulivu. Alitoa leso, akafuta paji la uso, akairudisha ikiwa imekunjwa vilevile.

"Ni kweli nilikuwa nayo," alisema. "Na niliifuta. Mbele ya kamati nzima, Mwalimu mwenyewe alikuwepo. Niliiweka juu ya sumaku ya spika kubwa ya kanisa, ikalala hapo usiku mzima. Kanda yoyote ikilala hapo inaamka bubu. Sitaki kusingiziwa, kama ningekuwa mwizi ningeifuta mbele ya watu?"

"Ni kweli aliilaza pale," Boazi alisema kwa sauti ndogo. "Tulimpigia makofi."

"Mkaisikiliza asubuhi?"

"Tuisikilize ya nini, Afande? Si imefutwa."

Tabita alimgeukia Clement. "Iko wapi sasa?"

"Sikuona haja ya kuitupa, ni pambo zuri. Imening'inia kwenye pikapu yangu hapo nje, kila mtu anaiona. Mwizi anatundika wizi wake kwenye kioo?"

Tabita alitoka kwa mwendo ambao askari wa zamu waliusimulia baadaye kwamba viatu vilifika kabla yake. Hakuihofia sumaku. Sumaku inakula kanda kwa sababu kanda ina kutu ya chuma ndani yake. CD haina chuma cha kuvutwa, unaweza kuilaza juu ya sumaku mpaka sumaku izeeke. Kilichomkimbiza kilikuwa jua. CD iliyochomwa kwenye kompyuta imeandikwa ndani ya rangi, na rangi hiyo jua huipausha kama linavyopausha kitenge kilichosahauliwa kambani. Clement alikuwa ameitundika mbele ya dawa halisi ya kufuta, kwenye kioo cha gari, wiki nzima na zaidi, bila kujua. Angeiacha mwezi mmoja zaidi, angebaki mwenyekiti.

Pikapu ilikuwa imeegeshwa uso kwa jua. CD ilizunguka polepole kwenye uzi. Ukingoni ilikuwa imepauka, rangi yake ya kijani imekuwa kama maji ya mchele. Moyo wa Tabita ulishuka mpaka kwenye buti. Kisha akaona jinsi ilivyofungwa. Mwenyekiti, kwa kupenda urembo, alikuwa ameifunga kwa maua mawili makubwa ya kitambaa cha sare ya kwaya, moja mbele na moja nyuma, yamefunika katikati yote.

CD huandikwa kuanzia katikati kwenda nje. Nyimbo za mwanzo zilikuwa zimelala chini ya maua, kivulini.

Aliirudisha ofisini ameikumbatia. Akafungua maua, akaiingiza kwenye mashine. Wimbo wa kwanza ukaimba. Wa pili ukakwama, ukaruka, ukaendelea. Wa tatu ukaanza, Conjesta akapanda, akafika ubeti wa pili, akavuta pumzi.

Jogoo akawika.

Inspekta Masumbuko alitikisa kichwa pole pole, kama mtu aliyepokea taarifa kamili kutoka kwa mkaguzi.

"Haikufutwa," Clement alisema. Hakuwa akijitetea. Alikuwa akishangaa kweli. "Ililala pale usiku kucha."

Kutoka ukumbini, ambako mlango ulikuwa wazi na muhogo umeisha, Sadock alisimama.

"Afande, mimi sitaenda Vwawa kwa ajili ya jogoo," alisema. "CD hiyo hiyo alinipa yeye, nikavuka nayo Nakonde, wakatoa nakala, nikamrudishia kesho yake, kabla hajaenda kuilaza kwenye spika yake. Akaniambia nikibanwa niseme kibanda cha bluu. Aliniahidi katoni mbili."

"Kwa nini Ferista?" Boazi alimuuliza mwenyekiti wake. Alikuwa amesimama. "Watoto wa kwaya wamelima vibarua vya watu msimu mzima kulipia studio ile. Kwa nini?"

"Kwa sababu kila mtu angeamini," Tabita alijibu badala yake, "kwamba anayechoma CD ndiye anayeziiba. Mzee, nusura tuamini na sisi."

Masumbuko alipokea nusura hiyo bila kupepesa. Akatazama saa ya ukutani. Saa sita kasoro.

"Karandinga lina nafasi," alisema. "Clement Sichone, simama. Na wewe Sadock, utaelezea vizuri njiani. Mwalimu, wewe nenda kawaambie vijana wako uzinduzi upo, na CD mama ni mzima." Akashusha pumzi. "Sajenti, kamfungulie yule mama. Mpitishe mlango wa nyuma, kule mbele kuna watu."

"Ataukataa mlango wa nyuma, Mzee."

"Umejuaje?"

"Nimeongea naye."

Ferista aliukataa mlango wa nyuma. Aliukataa kwa maneno ambayo askari wa zamu alishindwa kuyaandika. Alisema alikamatwa mchana, kwa mlango wa mbele, soko zima likimwita mwizi, na kompyuta yake ikibebwa kwa waya. Basi atatoka mchana, kwa mlango wa mbele, na kompyuta yake itarudi kibandani kwa heshima zake zote. La sivyo yeye anarudi kukaa kwenye ndoo, na wamtafutie mchuzi.

Ndivyo Tunduma ilivyoona kitu ambacho madereva wa malori walikipeleka mpaka Lusaka, kila kituo kikiongezewa kidogo. Karandinga liliondoka na suti ya kijivu ndani yake. Nyuma ya moshi wake alitokea Ferista, kanga mpya begani, akitembea katikati ya barabara. Nyuma yake askari yule wa waya, amebeba mashine kwa mikono miwili kifuani kama anabeba mtoto wa ubatizo. Sajenti Tabita alishika kibao cha herufi na zile waya zote, zimeviringishwa vizuri. Na mwisho, kofia imenyooka, jasho likimtiririka, Inspekta Masumbuko mwenyewe alibeba kioo cha kompyuta, kile cha zamani, kizito kama ndama.

Malori yalisimama pande zote mbili za mpaka. Kijana wa vocha alipouona msafara, aliikunja kamba yake akaitia mfukoni, akaanza kufagia mbele ya kibanda bila kuombwa. Mama mmoja wa nyanya, ambaye Ijumaa alikuwa amepiga kelele kuliko wote, alisogeza meza yake ili wapite.

"Mwapoleni, mama Ferista," alimsalimia, macho chini.

"Mwapoleni," Ferista alijibu, hakusimama.

Alifungua kufuli, akasukuma mlango, akapangusa stuli yake kwa upindo wa kanga, akakaa. Mteja alikuwa ameshafika, dereva wa Kizambia mwenye haraka, anataka nyimbo za njiani. Ferista akamkaribisha, akamuuliza za safari, akamuuliza za watoto, akamsikiliza mpaka mwisho. Inspekta Masumbuko alikuwa amesimama mlangoni na kioo kifuani, akisubiri kuambiwa akiweke wapi.